Soko la kripto kukupokea si sawa na kuruhusiwa nchini mwako: namna ya kuhakiki mwenyewe

#1 Kaskazi (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu kripto, yaani sarafu za kidijitali, na masoko yake, yaani majukwaa ya mtandaoni ya kuzinunua na kuziuza, halihusu bei. Ni hili: "Soko fulani lipo nchini kwetu?" Nami huuliza kwanza, unataka kujua kama linafunguka au kama linaruhusiwa? Hayo ni mambo mawili, na pesa za watu wengi zimepotelea katikati yake. Nimeamua kuliandika kwa urefu ili nisiwe nawajibu watu nusunusu.

Kilichonifundisha ni akiba yangu mwenyewe. Niliiweka kwenye soko moja ambalo sitalitaja. Nilijisajili usiku, nikapiga picha ya kitambulisho na ya uso, na kabla sijalala nilikuwa nimekubaliwa. Chini kabisa ya tovuti yao palikuwa na namba ya leseni na nembo yenye ngao. Nikaridhika. Baada ya mwaka na miezi kadhaa ikaja barua pepe: nchi unayoishi imeondolewa kwenye orodha ya nchi tunazohudumia, una siku thelathini za kufunga biashara zako na kutoa mali yako. Sarafu mbili nilikuwa nazo kidogo mno, chini ya kiwango cha chini cha kutoa, zikabaki humo. Nyingine nilizokuwa nimezifungia ili zizae zilikuwa hazijafika siku yake, nikakatwa. Ndipo nikakaa chini kuitafuta ile namba ya leseni. Haikuwa leseni. Ilikuwa namba ya usajili wa kampuni, ile ambayo kampuni yoyote hupewa siku inapoandikishwa, tena ya kampuni yenye jina linalofanana tu na lile lililoandikwa kwenye masharti niliyoyakubali. Nilifunga mkataba na mtu ambaye sikuwahi kusoma jina lake.

Kwa hiyo naanzia hapo, kwenye jina.

Jina la soko mnalolijua ni alama ya biashara. Nyuma yake huwa kuna kampuni kadhaa, kila moja imeandikishwa mahali pake, na wewe unakuwa mteja wa mojawapo. Ipi? Jibu liko kwenye vigezo na masharti, mara nyingi aya za mwanzo kabisa, panaposemwa mkataba huu ni kati yako na nani. Wakati mwingine kuna jedwali linaloonyesha mkazi wa nchi gani anahudumiwa na kampuni ipi. Nakili jina hilo herufi kwa herufi, pamoja na vile vifupisho vya mwisho vinavyoonyesha aina ya kampuni, na nchi ilikoandikishwa. Kama masharti hayataji kampuni wala nchi, mimi huishia hapo hapo, sihitaji kuhakiki kingine.

Mnaodhani hili ni la wanasheria tu, tazameni FTX, soko la kripto lililofilisika. Ilipoomba kinga ya ufilisi tarehe 11 Novemba 2022, kundi lile lilikuwa na kampuni zaidi ya 100. Wateja wa FTX Japan walikuwa chini ya kampuni iliyosajiliwa na mamlaka ya fedha ya Japani, ambayo sheria ya huko iliilazimisha kutenga mali ya wateja na mali yake. Walianza kutoa mali yao Februari 2023. Wateja wa FTX.com, ambao kampuni yao iliandikishwa Antigua na Barbuda na kuendeshwa kutoka Bahamas, walisubiri malipo ya kwanza hadi Februari 2025, na madai yao yakahesabiwa kwa bei za Novemba 2022, wakati soko lilikuwa limeporomoka. Nembo ileile, rangi zilezile. Zilizotofautiana ni kampuni zilizoandikwa kwenye mikataba yao.

Ukishalipata jina, nenda kwenye rejesta ya mdhibiti. Usipitie kiungo kilichowekwa na soko lenyewe. Andika anwani ya mdhibiti kwa mkono wako, au ianzie kwenye tovuti ya serikali. Mdhibiti hutofautiana: nchi hii ni benki kuu, ile ni mamlaka ya masoko ya mitaji, nyingine imeunda chombo maalumu, kama Dubai ilivyounda VARA mwaka 2022. Uingereza ni FCA. Japani ni FSA, na masoko haya yamekuwa yakisajiliwa huko tangu 2017. Hong Kong ni SFC. Umoja wa Ulaya sasa una kanuni moja iitwayo MiCA: kampuni hupewa leseni na mdhibiti wa nchi moja mwanachama, kisha inaweza kuhudumia nchi nyingine za Umoja baada ya taarifa kupelekwa, na ESMA, mamlaka ya masoko ya fedha ya Umoja huo, hukusanya majina yote kwenye rejesta moja. Marekani ina kazi zaidi, maana karibu kila jimbo lina ruhusa yake, na New York ina leseni yake ya pekee, BitLicense, tangu 2015. Soko linaweza kuwa halali jimbo moja na likakataa wakazi wa jimbo la jirani.

Ukifika kwenye rejesta usione jina ukatoka mbio. Tazama hali ya leseni: inatumika, imesimamishwa, au imefutwa? Tazama anwani za tovuti zilizoandikwa pale, uzilinganishe na unayotumia wewe, nukta kwa nukta. Matapeli hupenda sana kuchukua jina na namba ya kampuni halali na kuvibandika kwenye tovuti yao. FCA huziita kampuni hizo pacha bandia na huzitolea tahadhari kila mara. Ukikuta jina sawa na tovuti tofauti, hujapata ulichokuwa unatafuta.

Halafu tazama huduma zilizoruhusiwa. Hapa ndipo hata watu makini huteleza. Leseni ya kununua na kuuza sarafu haimaanishi soko limeruhusiwa kukukopesha ili ufanye biashara kubwa kuliko mtaji wako, au kukufungia sarafu kwa ahadi ya mapato. Julai 2025 ESMA ilitoa onyo kuhusu jambo hilihili: kampuni zenye leseni ya MiCA huweka bidhaa zisizodhibitiwa kwenye jukwaa lilelile, na mteja akadhani ulinzi unafunika zote. Kwa hiyo swali si "soko hili lina leseni?" Swali ni: kampuni hii, iliyo kwenye mkataba wangu, imeruhusiwa kumpa mkazi wa nchi yangu huduma hii ninayotaka kuitumia?

Upande wa soko lenyewe ni mwepesi zaidi. Masoko makubwa huwa na ukurasa wa nchi wasizozihudumia, na mengine huorodhesha pia huduma zilizozuiwa kwa nchi fulani tu. Usome tena kila baada ya muda, maana hubadilika. Mimi nilisoma mara moja tu. Na angalieni neno "mkazi". Masharti mengi yanatazama unapoishi, mengine yanatazama na uraia pia, hivyo aliyehama nchi anatakiwa kuanza upya kuhakiki hata kama akaunti yake ni ya zamani.

Upande wa sheria ya nchi kuna nchi zilizofunga mlango moja kwa moja. China, tarehe 24 Septemba 2021, vyombo vyake kumi vilitangaza kwamba biashara ya kripto ni shughuli haramu ya fedha, na wakataja wazi kuwa masoko ya nje yanayohudumia wakazi wa China kupitia intaneti nayo yamo. Algeria ilipitisha sheria Julai 2025 inayokataza hata kumiliki, yenye kifungo na faini. Nyingine hazikatazi mtu kumiliki lakini zinafunga njia ya pesa. Nigeria, Februari 2021, benki kuu iliziagiza benki zifunge akaunti zinazoshughulika na kripto, na agizo likakaa mpaka Desemba 2023. Muda wote huo masoko yalikuwa yanafunguka kwenye simu kama kawaida.

Naomba kuwasilisha. Maswali karibuni, nitajibu ninachokijua.

#2 Mpenda Ukweli

Mkuu shukrani kwa uzi, nimeusoma wote. Ila nina swali. Programu ya soko ninalotumia iko kwenye duka la programu la simu, nimeipakua nikiwa hapa hapa nchini. Si maana yake wenye duka walishahakiki? Na wao wanajua simu yangu iko nchi gani.

#3 Kaskazi

Mkuu, swali zuri, na wengi wanalo. Duka la programu hukagua mambo yake, lakini uwepo wa programu pale si kauli ya mdhibiti wa nchi yako. Chukua India. Desemba 2023 kitengo chao cha taarifa za fedha kiliwapelekea masoko tisa ya nje barua ya kujieleza, Binance, KuCoin na Kraken wakiwemo, kwa kuhudumia watu wa India bila kusajiliwa. Kikaomba pia tovuti zao zifungwe. Januari 2024 programu zikaondolewa kwenye duka la Apple nchini humo. Kabla ya hapo zilikuwa zinapakuliwa tu. Aliyekuwa anategemea duka kama ushahidi aliamka siku moja ushahidi haupo, na pesa zake ziko ndani. Baadaye baadhi ya masoko hayo yalisajiliwa yakarudi, kwa hiyo jina la soko lilelile lilikuwa na majibu tofauti kabla na baada. Ndiyo maana nasisitiza kuangalia tarehe ya habari unayosoma.

Vivyo hivyo kwa kukubaliwa kitambulisho. Soko kuthibitisha utambulisho wako ni wao kukujua wewe. Hakukuambii lolote kuhusu wewe kuwajua wao.

#4 Karani Mstaafu

Mleta uzi amefanya kazi nzuri. Nilifanya kazi miaka mingi kwenye idara ya uzingatiaji wa sheria katika taasisi ya fedha, naomba niongeze sehemu moja inayowachanganya watu hata wenye elimu kubwa.

Kuna kusajiliwa kwa ajili ya kuzuia fedha haramu, na kuna leseni ya kutoa huduma. Haya si kitu kimoja. Marekani, kampuni yoyote inayohamisha fedha inajaza fomu ya FinCEN, kitengo cha Wizara ya Fedha kinachofuatilia fedha haramu, na jina lake linatokea kwenye orodha. FinCEN yenyewe inaandika kwenye ukurasa huo kwamba kuwemo kwenye orodha si pendekezo wala uthibitisho wa uhalali wa biashara. Lakini nenda kwenye majukwaa ya kitapeli uone: cheti kinachobandikwa mara kwa mara ni hicho hicho, kwa sababu kukipata hakuhitaji kukaguliwa. Mtu anaona jina la Wizara ya Fedha ya Marekani juu ya karatasi, anaona basi yamekwisha.

Uingereza nako, kampuni za kripto zimetakiwa kujisajili FCA tangu Januari 2020 chini ya kanuni za fedha haramu. FCA huchuja kwa ukali na imekataa au kurudisha maombi mengi. Hata hivyo kampuni ikifilisika, usajili huo haukupi ule mfuko wa fidia ambao wenye akaunti za benki wanao. Kuna alama nyingine ya Uingereza inayosaidia: tangu Oktoba 2023 matangazo ya kripto kwa wakazi wa huko lazima yafuate kanuni za FCA, mteja mpya apewe saa 24 za kutafakari, na zawadi za kumleta rafiki zimepigwa marufuku. Kwa hiyo mkazi wa Uingereza anayepewa bonasi papo hapo kwa kujisajili anaweza kujua mwenyewe, bila kufungua rejesta, kwamba jukwaa hilo halifuati kanuni.

La pili ni neno "tumeomba leseni". Kuomba si kupewa. Mwaka 2018 soko la Coincheck la Japani liliibiwa sarafu za NEM zenye thamani ya takriban yen bilioni 58. Wakati huo lilikuwa bado linaendesha shughuli kwa kipindi cha mpito huku ombi lake la usajili likisubiri. Wateja walilipwa fidia kwa sababu kampuni ilikuwa na uwezo wa kulipa, na hilo huwezi kulitegemea kila mara. Ulaya nako MiCA iliziachia kampuni za zamani kipindi cha mpito, mwisho wake wa mbali kabisa ni tarehe 1 Julai 2026, na nchi nyingi zilijiwekea muda mfupi zaidi. Ukiambiwa "tuko kwenye mpito", uliza unaisha lini kwa nchi yako na nini kitatokea kwa akaunti yako siku ya pili yake.

#5 Jahazi Kuu

Wakuu, tuongee ukweli. Soko ninalolipenda halipokei nchi yangu. Natumia VPN (programu inayoficha nchi niliyopo), nimeandika nchi nyingine, mwaka wa pili sasa, naweka na natoa bila shida. Nani ataniuliza?

#6 Kaskazi

Jahazi Kuu, nakujibu kwa nia njema kabisa, maana nimeona watu waliokuwa na uhakika kama wako.

Kuweka hakujawahi kuwa shida kwa mtu yeyote. Shida huja siku ya kutoa kiasi kikubwa, mfumo unapoomba uthibitisho mpya wa makazi, na wewe huna bili wala taarifa ya benki ya nchi uliyoiandika. Hapo akaunti inafungwa kwa sababu umevunja masharti, na masharti uliyoyakubali yanawapa haki ya kufanya hivyo. Utalalamika kwa nani? Mdhibiti wa nchi yako atasema hawakuwa wanahudumia nchi yetu. Mdhibiti wa kule atasema wewe si mkazi wetu, tena uliwadanganya.

Na usidhani masoko yenyewe yataendelea kufumba macho. BitMEX ilishtakiwa Marekani Oktoba 2020 kwa kuhudumia Wamarekani bila kufuata sheria, ikidai haiwapokei huku ikiwapokea. KuCoin ilikiri kosa Januari 2025 na kukubali kulipa karibu dola milioni 300 na kutoka soko la Marekani kwa angalau miaka miwili. Mwezi uliofuata OKX ikakiri nayo, zaidi ya dola milioni 500, na waendesha mashtaka walieleza kuwa kuna mfanyakazi aliyemshauri mteja aandike taarifa za uongo ili apite. Baada ya kesi kama hizo soko hurudi nyuma na kupekua akaunti za zamani. Miaka miwili uliyopita bila kuulizwa haikulindi.

Hata kufilisika kunakuja na nchi yako mkononi. Julai 2025 wasimamizi wa mali za FTX waliiomba mahakama iwaruhusu kusimamisha malipo kwa wadai wa nchi 49 ambako kripto imebanwa, China ikiwemo. Wadai walipinga na ombi likaondolewa baadaye, lakini fikiria miezi ile kwa mtu aliyekuwa anasubiri. Sheria ya nchi aliyoikwepa wakati wa kuingia ndiyo iliyomkuta mlangoni wakati wa kulipwa.

#7 Nakshi

Samahani wakuu, mimi swali langu ni tofauti. Nchi yetu haina sheria yoyote ya leseni za kripto. Hakuna rejesta. Ila serikali inatoza kodi kwenye faida. Kama wanachukua kodi, si wamesharuhusu?

#8 Karani Mstaafu

Dada Nakshi (kama nimekosea unisamehe), kodi si leseni. India ilianza kutoza asilimia 30 ya faida ya kripto mwaka 2022, na waziri wa fedha akasema wakati ule kwamba kutoza kodi hakumaanishi kuhalalisha. Hadithi ya masoko tisa aliyoieleza Kaskazi ilitokea baada ya kodi kuwa tayari inalipwa. Mamlaka ya mapato inakutazama wewe na faida yako. Haitazami kama kampuni unayoitumia inatunza mali yako inavyotakiwa.

Hata sheria kupitishwa si leseni kutoka. Kenya ilipitisha sheria yake ya watoa huduma za mali pepe (kripto na za aina yake) mwaka 2025, ikagawa kazi kati ya benki kuu na mamlaka ya masoko ya mitaji. Sheria ya namna hiyo popote duniani hufuatwa na kanuni, kisha maombi, kisha uchunguzi, ndipo jina la kwanza litokee kwenye rejesta. Soko likikuambia "sasa tuko halali, sheria imepita", linaruka hatua tatu.

Kwa nchi isiyo na rejesta kabisa, tafuta matamko ya benki kuu na ya mamlaka ya mitaji, soma yenyewe na si vichwa vya habari. Tofautisha "si fedha halali ya malipo" na "ni marufuku". La kwanza linasema hakuna anayelazimika kuipokea. La pili linakuweka hatarini wewe. Watu huyasoma kama sentensi moja. Halafu angalia kampuni ina leseni gani huko iliko, ukijua wazi kwamba mdhibiti wa kule analinda wakazi wake kwanza. Singapore iliona hilo kwa upande mwingine: kampuni zilikuwa zinakaa kwao na kuhudumia watu wa nje tu, jina la Singapore likiwapa heshima, mpaka MAS, mamlaka ya fedha ya huko, ikaamua kwamba kufikia tarehe 30 Juni 2025 wawe na leseni au waache.

#9 Bi Subira

Wanangu, nawasoma kimya tangu mwanzo. Mtoto wa dada yangu aliniingiza kwenye jukwaa moja, nimeweka pensheni yangu, si yote, lakini ni nyingi kwangu. Salio linapanda kila siku. Wameandika wana leseni za nchi nne. Niliwauliza huduma kwa wateja, wakanijibu kwa upole sana kwamba wako halali dunia nzima. Nifanyeje? Mikono inatetemeka hata kuandika.

#10 Kaskazi

Shikamoo mama. Tutakusaidia, na umefanya vyema kuuliza sasa.

Hakuna leseni ya dunia nzima. Haipo. Aliyekujibu hivyo ama hajui ama anakuficha.

Naomba leo ufanye mambo haya, na usiongeze hata senti mpaka uyamalize. Fungua masharti yao, tafuta jina la kampuni, unakili. Kwa kila nchi katika zile nne, tafuta rejesta ya mdhibiti, uandike jina hilo uone. Kisha andika jina la jukwaa na anwani ya tovuti kwenye orodha za tahadhari: mdhibiti wa nchi yako kama anayo, na ile ya pamoja ya IOSCO, umoja wa wadhibiti wa masoko ya mitaji duniani, iitwayo I-SCAN, inayokusanya maonyo ya wadhibiti wa nchi nyingi. Ukikuta jina kwenye maonyo, umepata jibu. Usipolikuta, bado hujapata, kwa sababu onyo mara nyingi huja baada ya watu kuumia.

Nasema hivyo kwa sababu ya JPEX, jukwaa la kripto la Hong Kong. Ilitangazwa kwenye treni, na pia na watu maarufu mitandaoni. Tarehe 13 Septemba 2023 SFC ilitoa onyo la wazi kwamba haina leseni wala haijaomba. Ndani ya siku chache ada ya kutoa ilipandishwa hadi 999 USDT (sarafu ya kripto inayolenga thamani ya dola moja) huku kiwango cha juu cha kutoa kikiwa 1,000. Watu walikuwa wanaona salio lao lote kwenye skrini na hawawezi kulitoa. Zaidi ya watu 2,000 walikwenda polisi.

Kwa hiyo mama, sambamba na kutafuta jina, jaribu kutoa kiasi kidogo leo kwenda kwenye akaunti yako mwenyewe. Wakikuambia ulipe kodi au dhamana kwanza ndipo utoe, usilipe. Kodi halali haikusanywi kwa kukutumia anwani ya pochi ya kripto.

#11 Karani Mstaafu

Naongeza moja kwa Bi Subira: mwandikie mdhibiti barua pepe. Sentensi tatu zinatosha. Taja jina la kampuni, anwani ya tovuti, na uulize kama ina ruhusa ya kuhudumia wakazi wa nchi yako. Hawatakuambia uwekeze wapi, lakini swali la ndiyo au hapana kuhusu leseni ni kazi yao kulijibu. Jibu la maandishi lina uzito ambao maneno ya huduma kwa wateja hayana.

#12 Bi Subira

Nimerudi. Imenichukua siku tano, mjukuu amenisaidia. Kwenye masharti kulikuwa na jina la kampuni ambalo halifanani kabisa na jina la jukwaa. Kwenye nchi tatu halipo. Kwenye ya nne ni ile orodha ya Marekani aliyoieleza Karani, na anwani iliyoandikwa pale si tovuti yao. Mdhibiti wetu amejibu jana: kampuni hiyo haina kibali chochote kwao.

Nilijaribu kutoa kidogo, kikatoka baada ya siku mbili. Nikatoa zaidi, kikatoka. Awamu ya tatu wameniomba picha mpya ya kitambulisho na wanasema wanakagua. Kilichobaki ndani ni kama theluthi.

#13 Kaskazi

Mama, theluthi mbili ziko nje, hilo ni kubwa. Usifute programu na usigombane nao kwenye mazungumzo. Sasa hivi, kabla hawajafunga akaunti, pakua historia yote ya miamala, piga picha za skrini za salio, za masharti na za mazungumzo na huduma kwa wateja, tarehe zionekane. Hifadhi anwani za pochi ulizotumia kutuma na namba za miamala. Peleka nakala kwa mdhibiti aliyekujibu na kwa polisi wa makosa ya mtandao. Ikitokea mtu akakupigia simu akisema anaweza kukurudishia kilichobaki kwa ada, huyo ni mwenzao au mwizi wa pili, mkatie.

Na mtoto wa dada yako, mwonyeshe hilo jibu la mdhibiti. Pengine naye ameingiza wengine.

#14 Bi Subira

Ameshaliona. Ameingiza watu kumi na mmoja. Yuko hapa na simu, anawapigia mmoja mmoja.